Muuguzi na Mtu Mzima katika Mbulu na Hanang

Neno muuguzi latokana na kitenzi -uguza, nacho chatoka katika -ugua. Kwa asili, basi, lamfunga mtu huyo na kitanda cha mgonjwa. Lakini historia ya Mbulu na Hanang yaonyesha kazi yake nyingine: kumfundisha mtu mzima, mwenye umri na mwenye siha, ili asiugue.

Hospitali ya Haydom ilifunguliwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwe mwaka 1955, katika nchi wakutanapo Wairaqw, Wadatooga, Wanyiramba na Wahadzabe, ambao lugha zao ni za jamii nne mbalimbali. Kwa hiyo kila shauri la afya lilikuwa pia kazi ya tafsiri.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini kote, wakasikiliza redio katika vikundi na kujifunza juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Somo lilidai tendo: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufyeka majani. Lakini redio ilinena Kiswahili, ambacho wazee wengi wa huku hawakukizoea.

Leo muuguzi hunena juu ya kisukari na shinikizo la damu, maradhi ambayo aliye nayo huweza kujiona mzima. Atapunguzaje chumvi, pombe na tumbaku kwa agizo asilolielewa? Yafaa wanaisimu na wauguzi watunge pamoja msamiati wa afya katika Kiiraqw na Kidatooga.