Somo la lazima lililotokana na maandamano

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vya Tanzania hukuta kwenye ratiba somo ambalo hawakuliomba. Awe anasomea udaktari Muhimbili, kilimo Sokoine au uhandisi Mlimani, mwanafunzi ataketi kwenye ukumbi uliojaa pomoni asikilize habari za matabaka, dola, ubeberu na maendeleo. Wenyewe wanaliita DS. Wengi hulipita kwa madesa yaliyotolewa fotokopi, usiku wa kuamkia mtihani. Kwa wasiosomea uchumi, siasa wala sosholojia, huo ndio mlango wa kwanza wa sayansi za jamii, na mara nyingi ndio wa mwisho.

Mlango huo haukufunguliwa kwa utulivu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiozidi 15. Mwaka 1963 kikaingia pamoja na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata kikahamia Mlimani. Masomo yaliongezeka, lakini mtindo ulibaki wa London: uchumi kivyake, siasa kivyake, historia kivyake, na mwanafunzi wa sayansi hana habari na hata kimojawapo.

Kisha ikaja tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wasomi wote waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi michache kambini, muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakavaa majoho yao ya chuo wakaandamana hadi Ikulu. Bango moja lilidai kuwa enzi ya mkoloni ilikuwa afadhali. Hebu fikiria: nchi haijatimiza miaka mitano ya uhuru, na vijana wanaosomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba wanambebea Mwalimu Nyerere bango hilo mlangoni kwake. Aliwasikiliza, kisha akawatimua. Karibu wanafunzi 400, wa chuo hicho na vyuo vingine, walirudishwa makwao. Papo hapo akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Wengi wao walipokelewa tena mwaka uliofuata, lakini swali halikuondoka: chuo kinafundisha nini hata kitoe vijana wa namna ile? Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha. Machi ukafanyika mkutano Mlimani kujadili nafasi ya chuo katika nchi ya kijamaa. Humo ndimo lilimochipuka wazo la kozi ya pamoja ya kuichambua jamii, kozi ambayo baadaye iliitwa Taaluma za Maendeleo, yaani Development Studies, ndiyo hiyo DS.

Ugomvi ukaanza hapo hapo. Wahadhiri wengi walikuwa wageni, na hawakuwa na msimamo mmoja. Walikuwapo kina Lionel Cliffe, Mwingereza, na John Saul, Mkanada, waliotaka kuta kati ya idara zibomolewe, kwa hoja kwamba bei ya kahawa haieleweki bila historia ya ukoloni. Walikuwapo pia walioona kozi hiyo ni mahubiri ya chama yaliyovishwa joho. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Somo la jamii linalofundishwa kwa amri ya serikali lina hatari ya kugeuka kasuku wa serikali. Lakini uchumi uliofundishwa kana kwamba Tanganyika haijawahi kutawaliwa nao ulikuwa siasa, ila siasa ya kimyakimya.

Waliolitoa somo kwenye karatasi za mtaala na kulitia uhai ni wanafunzi wenyewe. Mwaka 1967 waliunda chama cha kimapinduzi, USARF, mwenyekiti akiwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Jumapili walikutana kwa madarasa ya itikadi yasiyo na cheti wala alama, na Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, alikuwa karibu nao. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida, Cheche. Miongoni mwa wahariri wake walikuwamo Zakia Meghji, aliyekuja kuwa waziri wa fedha, na Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati. Mwanahisabati akihariri jarida la siasa ya jamii: hicho ndicho kozi ya pamoja ilichokuwa ikikitafuta.

Mwaka 1970 toleo maalumu la jarida hilo lilibeba andiko refu la Issa Shivji, kijana wa sheria, aliyehoji kama kutaifisha mabenki na viwanda kuliwapa wafanyakazi madaraka yoyote. Aliangalia mikataba ya uendeshaji na kuonyesha kuwa kampuni za nje zilikuwa bado zimeshika usukani. Novemba mwaka huohuo Cheche na USARF vikapigwa marufuku. Umoja wa vijana wa TANU unatosha, waliambiwa, na jina la jarida lilinukia Urusi.

Somo lenyewe halikufutwa. Mwaka 1973 likapewa taasisi yake kamili Mlimani. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, kumbi zilijaa watu waliowahi kukaa kijijini, kiwandani na ofisini, wanaoweza kumbishia mhadhiri kwa waliyoyaona. Utaratibu huo uliachwa baadaye. Ujamaa nao ulirudi nyuma, na mada zikawa utandawazi, jinsia, mazingira na sekta binafsi.

Leo DS ina wanafunzi wengi kuliko wakati wowote na ubishi mdogo kuliko wakati wowote. Wahadhiri wanaweza kuanza kulirekebisha hilo bila bajeti mpya: wampe kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza andiko la Shivji la 1970, wamtake alipinge kwa hoja, na alama zitoke hapo.