Bunduki ya Tembo na Taabu ya Risasi

Watu wengi wakisikia habari za wawindaji wa tembo wa zamani hudhani ya kuwa kila mmoja aliingia dukani, akatazama bunduki zote zilizotundikwa ukutani, akachukua iliyo bora. Mambo hayakuwa hivyo. Tangu bunduki ya kwanza ilipoingia katika pori la Afrika, mwindaji wa nyama wakubwa amechagua katika vichache. Mara bunduki haipatikani, mara serikali imekataza risasi, mara kiwanda kimefungwa. Mtu hujikuna ajipatapo, wasema wahenga. Basi tuitazame historia hiyo, maana ndani yake mna fundisho kwa kila atafutaye chombo cha kazi.

Kwanza tujue shida yenyewe. Tembo dume aweza kupita uzito wa tani 5. Ubongo wake umefichwa nyuma ya mfupa mnene wenye vijumba vijumba kama sega la nyuki. Nyati naye akijeruhiwa hakimbii daima. Pengine huzunguka, akamngoja mwindaji kichakani. Risasi isiyofika ndani humtesa mnyama na kumwua mtu. Kwa hiyo swali la bunduki gani yafaa halikuwa swali la fahari. Lilikuwa swali la kurudi nyumbani au kutorudi.

Siku za baruti nyeusi

Zamani baruti ilikuwa nyeusi, yenye moshi mwingi na nguvu chache. Haikuweza kuitupa risasi kwa kasi kubwa. Njia ya kuongeza nguvu ilikuwa moja tu, kuongeza uzito. Waingereza waliipima bunduki kwa kuhesabu goroli ngapi zapatikana katika ratili moja ya madini ya risasi. Bunduki ya 8 ilipiga goroli ya gramu 57 hivi. Bunduki ya 4 ilipiga goroli ya gramu 113.

Samuel Baker, Mwingereza aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alikuwa na bunduki iliyotengenezwa na Holland wa London. Uzito wake ulikuwa kilo 9 hivi, nayo ilitupa kombora la nusu ratili. Aliiita "Mtoto". Baker alikuwa mtu wa miraba minne, lakini aliogopa kuipiga, maana ilimzungusha kama pia. Twaona basi ya kuwa nguvu ina bei yake, na bei hiyo hulipwa na bega la mwenye bunduki.

Kijana mwingine, Frederick Selous, alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871, naye alikuwa na miaka 19. Alikuja na bunduki nzuri ya mitutu miwili, ya kutiwa risasi kwa nyuma. Njiani, alipokuwa akienda Kimberley, mwivi akaiiba garini. Afanye nini? Hakuwa na fedha ya kununua nyingine kama ile. Akanunua bunduki mbili nzito za kushindilia, za namba 4, kazi ya Isaac Hollis wa Birmingham. Hazikuwa na mifuo ndani ya mtutu, na bei yake ilikuwa paundi 6 kila moja. Baruti alibeba katika mfuko wa ngozi, akaitia kwa kuiteka kwa mkono. Kwa bunduki hizo za maskini alipiga tembo 78 kwa miguu, tangu 1872 mpaka 1874.

Lakini msidhani alizisifu. Siku moja bunduki yake ilikataa kulia. Mchukuzi wake, kwa kutojua, akaitia baruti mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Selous alipofyatua aliinuliwa juu, akatupwa chini. Baadaye aliandika kwamba bunduki zile zilimharibia mishipa ya fahamu, akatamani kama asingezipiga kamwe. Alipopata fedha aliziacha, akashika bunduki nyepesi yenye mifuo. Aliishi mpaka vita vya 1914, akauawa kwa risasi huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917.

Nani aliruhusiwa kuchagua?

Hapa yafaa tuulize: na wawindaji wa Kiafrika je? Wafanya biashara wa pwani, kama Tippu Tip, walikuwa wamefika Maniema na bunduki nyingi. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa. Ndani ya mkataba huo walikataza kuingiza bunduki za mifuo na silaha za kisasa katika nchi zote kati ya nyuzi 20 za kaskazini na nyuzi 22 za kusini. Kongo yote imo ndani ya mipaka hiyo. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango, ingawa kwa masharti.

Matokeo yake yalikuwa haya. Mzungu mwenye kibali alibeba bunduki mpya kabisa, na mwindaji mweusi alibaki na gobori la kushindilia. Mengi ya magobori hayo yalitoka Liège, kwa mafundi wa Ubelgiji. Lakini asiye na hili ana lile. Katika misitu ya Afrika ya kati wapo wawindaji waliotia mkuki wa chuma ndani ya mtutu, wakamsogelea tembo kimya mpaka hatua chache, ndipo wakafyatua. Nguvu iliyokosekana katika bunduki waliijaza kwa ujuzi wa nyayo, wa upepo na wa mwili wa mnyama. Historia nyingi za uwindaji haziwataji kwa majina. Hata hivyo, wao ndio waliochagua katika uchache kuliko wote.

Amri ya mwaka 1907

Karibu na mwisho wa karne ile ilikuja baruti mpya isiyotoa moshi. Mwaka 1898 John Rigby wa London alitoa risasi iitwayo .450 Nitro Express. Tarakimu hiyo ni upana kwa sehemu za inchi, yaani milimita 11 na kitu. Risasi yake ilikuwa na gramu 31 tu, lakini ilikwenda mita 655 hivi kwa sekunde, nayo ilipenya kuliko goroli nzito za zamani. Bunduki za mitutu miwili za uzito wa kilo 5 zikashika mahali pa mizinga ya akina Baker. Wawindaji wakasema: sasa tumefika.

Lakini mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilikataza kuingiza bunduki na risasi za .450 katika India na Sudani. Sababu yake? Bunduki ya askari iitwayo Martini-Henry nayo ilikuwa ya .450. Nyingi zilikuwa mikononi mwa watu waliopinga utawala, na serikali iliogopa kwamba risasi za wawindaji zingewafikia hao. Bunduki ya tembo haikuwa na kosa lo lote. Kosa lake lilikuwa upana wa mtutu tu.

Mafundi wa Uingereza wakakimbilia namba za jirani. Holland akatoa .465. Joseph Lang akatoa .470. Wengine wakatoa .475 na .476. Zote zilifanya kazi ile ile. Ni ipi iliyoenea? Ni .470. Haikuzishinda nyingine kwa nguvu. Ilienea kwa sababu mafundi wengi waliruhusiwa kuitengeneza, na risasi zake zikaonekana katika maduka mengi. Mwenye bunduki ya namba ya fundi mmoja alimtegemea fundi huyo. Mwenye .470 alikuwa na milango mingi ya kubisha.

Bunduki ya mtu wa kawaida

Bunduki ya mitutu miwili ya London ilikuwa kazi ya mkono, na bei yake ilikuwa kubwa mno. Mlowezi wa Kijerumani katika Tanganyika au Namibia aliyevamiwa na nyati shambani hakuweza kuinunua. Mwaka 1905 Otto Bock, fundi wa Berlin, alimtafutia njia. Alitengeneza risasi ya 9.3 x 62, yenye gramu 18.5, inayoingia katika bunduki ya kawaida ya Mauser bila kubadili mwili wa bunduki. Mauser hizo zilikuwa nyingi, imara na rahisi. Bock hakutafuta risasi kubwa kupita zote. Alijiuliza: ni risasi gani kubwa itakayoingia katika bunduki ambayo watu wanaweza kuipata? Swali hilo ni la akili sana, na jibu lake lingali likitumika hata leo.

Holland naye mwaka 1912 alitoa .375 yenye risasi ya gramu 19. Hapo mwanzo ilikuwa mali ya nyumba yake peke yake. Baadaye wengine walipata kuitengeneza, na tangu 1937 Winchester wa Marekani waliuza bunduki yao ya Model 70 kwa risasi hiyo. Hivyo .375 ikaenea, na katika nchi nyingi za Afrika sheria iliifanya kuwa kipimo cha chini kabisa kwa nyama wa hatari.

Bell katika nchi ya Lado

Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, alifuata njia nyingine. Aliwinda Karamoja katika Uganda, kisha akaingia Lado, nchi ya magharibi ya Nili iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II. Leopold alikufa Desemba 1909, na mwaka 1910 nchi hiyo ikatiwa chini ya Sudani. Katika miezi hiyo ya kungojea wawindaji wa pembe walivamia kama nzige.

Bell alihesabu tembo 1,011 maishani mwake. Karibu 800 kati yao aliwapiga kwa bunduki ndogo ya milimita 7, yenye risasi ya gramu 11 tu. Aliwezaje? Alipasua vichwa vya tembo akajifunza mahali pa ubongo kutoka kila upande. Tena alichagua risasi ndefu, ngumu, isiyopinda ndani ya mfupa, na zaidi ya yote risasi isiyokataa kulia. Risasi za namba nyingine zilikuwa zimemwangusha, lakini zile za milimita 7 za Kijerumani hazikumwangusha.

Yafaa tuseme kweli. Ustadi wa Bell ulikuwa wa ajabu, lakini tembo 1,011 ni kundi kubwa lililotoweka kwa ajili ya meno. Tena njia yake si ya kila mtu. Aliye na mkono wa kutetemeka akichukua bunduki ndogo kwa sababu Bell aliiweza, anacheza na kaburi lake.

Kiwanda kikifungwa

Baada ya vita vya 1939 mpaka 1945 uhaba ulirudi kwa namna nyingine. Kiwanda cha Mauser katika Oberndorf kiliingia mikononi mwa Wafaransa, kikabomolewa. Bunduki ndefu zilizokuwa mwili wa risasi kubwa za Kiingereza zikakatika. India ikapata uhuru mwaka 1947, na soko kubwa la bunduki za London likapungua. Kisha, katika miaka ya 1960, Kynoch, kiwanda cha Waingereza kilichotengeneza risasi za Nitro Express, kikaacha kazi hiyo. Mtu aliyerithi bunduki ya thamani kuliko nyumba akajikuta ameshika fimbo, maana hakuwa na cha kutia ndani. Miaka ya 1990 ndipo risasi zenye jina la Kynoch zilipoanza kutengenezwa tena.

Winchester walikuwa wameona pengo hilo mapema. Mwaka 1956 walitoa .458, yenye risasi ya gramu 32, ndani ya bunduki ya urefu wa kawaida na kwa bei ya kiasi. Ilienea upesi. Lakini ganda lake lilikuwa fupi, baruti ikabanwa sana ndani yake, na pengine ikagandamana isiungue vizuri. Kasi ikashuka. Mwaka 1959 Mmarekani Jack Lott alijeruhiwa vibaya na nyati katika Msumbiji, ijapokuwa alikuwa na .458. Akaamua kutafuta yenye nguvu zaidi, na mwaka 1971 akatoa .458 Lott yenye ganda refu. Tena alifanya jambo la busara. Bunduki ya Lott yaweza kupiga hata risasi fupi ya Winchester. Mwenye nayo akikosa risasi za Lott, ataingia duka lo lote lenye zile za kawaida na safari yake haitavunjika.

Fundisho

Msomaji, siku hizi tembo wetu wamebaki wachache, na biashara ya pembe kati ya mataifa ilikatazwa mwaka 1989. Wachache tu watakaohitaji kuchagua bunduki ya namna hii. Lakini fundisho la historia hii halikufa pamoja na wawindaji wale. Mtu huchagua pikipiki, mashine ya kusaga, au mtambo wa umeme, akatazama nguvu na uzuri peke yake. Yafaa aulize maswali yale yale waliyouliza akina Selous, Bock na Lott. Je, ninaweza kukitumia bila kuumia? Je, kinatosha kwa kazi yenyewe, si kidogo kuliko haja? Na kile kinachokilisha, kitapatikana wapi mwaka kesho, na kwa watu wangapi?

Mchagua nazi hupata koroma. Wengi waliobeba bunduki za fahari walirudi mikono mitupu kwa kukosa risasi. Waliorudi salama ni wale waliokijua chombo chao, wakaujua mwisho wa nguvu zake, tena wakajua duka ambamo chakula chake hakikosekani.