Tanuri za Nyota na Dhahabu ya Salamabila

Katika Maniema ya kusini, upande wa Kabambare, upo mji wa Salamabila, ambao sifa yake imeenea kwa ajili ya dhahabu ya Namoya: dhahabu iliyochimbwa zama za Wabelgiji, ikatafutwa na wachimbaji wa mikono kwa sururu na karai, hata mwaka 2016 kampuni ya Banro ikaanza kuitoa kwa biashara. Kusini zaidi, katika Manono, yako mawe yenye lithiamu, yanayotamaniwa leo na mataifa makubwa kwa kuundia betri. Lithiamu ni ya tatu kwa wepesi katika elementi zote, na dhahabu ni miongoni mwa zilizo nzito mno. Na asili ya vitu hivi viwili, kabla dunia yenyewe haijakuwapo, imewashughulisha wanazuoni wa falaki kwa muda wa karne nzima.

Mwaka 1920 Arthur Eddington, akihutubu mjini Cardiff, alitoa rai kwamba jua huenda linapata nguvu zake kwa kuunganisha hidrojeni hata ikawa heliamu, kwa kuwa Aston wa Cambridge alikwisha kupima akaona kwamba atomu moja ya heliamu ina uzito uliopungua kidogo kuliko atomu nne za hidrojeni, na upungufu huo hauna budi kuwa umegeuka nishati. Mwaka 1925 Cecilia Payne akapata kwa hesabu kwamba nyota zimejaa hidrojeni; lakini Henry Norris Russell, mkubwa wa fani ile, akamsihi aandike kwamba jambo hilo haliyumkini, na mwaka 1929 Russell mwenyewe akakiri kuwa ni kweli. Naona ni haki jina la bibi huyu litangulizwe kila hadithi hii inaposimuliwa.

Njia yenyewe ya muungano ilielezwa na Hans Bethe mwaka 1939, na hapo ndipo ilipodhihiri mizani ya ajabu. Kiini kimoja cha hidrojeni katikati ya jua hungoja, kwa wastani, maelfu ya mamilioni ya miaka kabla ya kuungana na mwenzake kuwa hidrojeni nzito. Ilhali hiyo hidrojeni nzito, ikiisha kuzaliwa, haidumu ila sekunde chache, mara ikamezwa na kiini kingine. Basi kiasi chake huongezeka mpaka kinachoangamia kilingane na kinachozaliwa, na hapo husimama, kikiwa hakifikii hata sehemu moja katika milioni ya milioni. Mfano wake ni vituo vya misafara ya kale, kama Kabambare katika njia ya kutoka Ujiji kwenda Kasongo: idadi ya watu waliokutwa humo usiku haikutegemea wingi wa waliowasili tu, bali pia muda waliokaa kabla ya kushika njia.

Kwa sababu hiyo hidrojeni nzito iliyoko angani haikuweza kutoka katika nyota. Mwaka 1948 Ralph Alpher na George Gamow walifundisha kwamba elementi zilipikwa katika dakika za mwanzo za ulimwengu, ulipokuwa moto kupita kiasi. Walitaraji zote zitoke humo, wakakosea. Maana hakuna kiini chenye chembe 5 wala 8 kinachodumu, na upishi ule ukaishia kwenye heliamu na lithiamu kidogo.

Zilizobaki, kama walivyoeleza Margaret na Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle mwaka 1957, ni kazi ya nyota. Lakini muungano hutoa nishati mpaka karibu na chuma tu. Kupita hapo, viini hukua kwa kumeza nyutroni. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mvutano yalileta habari ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 130, na nuru iliyofuata ikaonyesha dalili za elementi nzito. Matukio ya namna hiyo ndiyo yanayodhaniwa kuzaa sehemu kubwa ya dhahabu, na ya Namoya ikiwamo.

Ama lithiamu, nyota huiteketeza: usoni mwa jua imepungua mara 150 hivi kuliko ilivyo katika vimondo. Ya Manono imechanganyika, kidogo ya mwanzo wa ulimwengu, na nyingine iliyozaliwa baadaye katika milipuko ya nyota na kwa miali ya angani ipasuayo viini vya kaboni na oksijeni. Na hesabu za dakika zile za mwanzo hutoa lithiamu mara tatu hivi ya ile inayoonekana katika nyota kongwe, jambo ambalo wanazuoni wangali wakibishania.