Unatoka Bumula? Usifike Kitale na Kurudi Siku Hiyo Hiyo

Wasee wengi wanaijua Kitale kwa mahindi na mitumba. Wanafika asubuhi, wananunua, jioni washarudi mtaani. Lakini hii town ina story nzito, na sehemu yake tamu huonekana alfajiri. Panga usiku mmoja.

Kufika
Panda mat hadi Bungoma mjini, kisha tafuta ya Kitale. Beba sweta: mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi si mchezo.

Story ya mji
Reli ilifika 1926, ikibeba mazao ya masetla. Trans Nzoia ilikuwa kwenye zile Nyanda za Wazungu: Mwafrika alilima shamba, lakini kulimiliki hakuruhusiwa. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed nayo ilianza hapa 1956.

Cha kuona
Anza na Makumbusho ya Kitale. Mkusanyiko wake ulianzishwa na setla mmoja, Hugh Stoneham, aliyekuwa na wazimu wa wadudu na vitabu. Jengo la sasa lilifunguliwa 1974. Kuna nyumba za kienyeji, nyoka na njia ya kutembea msituni.

Kisha kuna Saiwa Swamp, upande wa barabara ya Kapenguria. Ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, na hakuna kuzunguka na gari: ni miguu tu. Hapo utaona nzohe, yule swala wa kwenye maji anayeitwa pia sitatunga. Hujitokeza asubuhi mapema na jioni, kwa hivyo anayekuja saa sita mchana huona matete tu.

Pa kulala
Kama doo ni kidogo, chukua gesti mjini karibu na steji. Kabla ya kulipa uliza mambo matatu: maji ya moto yapo? Chai ya asubuhi iko ndani ya bei? Geti hufungwa saa ngapi?

Mkiwa mbogi, KWS ina nyumba ya juu ya mti hapo Saiwa, na banda za Kapkuro kule Mlima Elgon. Kiingilio cha mbuga hulipwa kwa eCitizen, si keshi, so jipange kabla bando iishe.