Mzigo wa Msafiri wa Mara

Mwaka 1934 Julius Nyerere, akiwa na miaka 12, alitoka Butiama kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma. Ni mwendo wa takriban kilomita 40, na aliutembea. Safari ya miguu ina kipimo chake cha mzigo: unachukua kile ambacho kichwa na mikono vitavumilia hadi jioni.

Wakati huo ndege zilikuwa zimekwisha kulifikia Ziwa Victoria. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilifungua njia ya kutoka London hadi Mwanza. Kutoka Khartoum kuja kusini zilitumika ndege za majini aina ya Short Calcutta, zilizotua juu ya maji kama bata. Mwanzoni huku kwetu zilileta hasa barua. Abiria walipozidi kuitumia njia ya Afrika, kila mmoja alipandishwa kwenye mizani yeye pamoja na mizigo yake. Mizani ile inanivutia kuliko ndege zenyewe, maana haikumtenga mtu na sanduku lake: kwa rubani vyote vilikuwa uzito wa kuinua. Aliyekuwa mnene alibaki na nafasi ndogo ya nguo.

East African Airways ilipoanza mwaka 1946 kwa ndege ndogo za de Havilland, hesabu ilikuwa bado ni ya uzito. Nyerere aliruka kwenda Uingereza kusoma mwaka 1949, na mwaka 1955 akaenda New York, kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa nauli iliyopatikana kwa michango. Katika ndege nyingi za enzi hizo, juu ya viti palikuwa na rafu ya wazi tu, ya kofia na makoti. Sanduku lilikwenda chini.

Kilichobadilisha mambo ni makabati yenye milango, yaliyoenea baada ya Boeing 747 kuanza kubeba abiria mwaka 1970, halafu magurudumu. Bernard Sadow wa Marekani alipata hataza ya sanduku la kuburuta mwaka 1972, lakini lake lilivutwa kwa kamba na kuyumba njiani. Mwaka 1987 rubani Robert Plath akalisimamisha wima, akalitia magurudumu mawili na mkono wa kuchomoa. Tangu hapo abiria akawa na begi la kuingia nalo ndani bila kumsubiri mchukuzi. Mwaka 2008 mashirika makubwa ya Marekani yakaanza kutoza hata begi la kwanza la chini, na watu wakahamishia mali zao juu. Makabati yakajaa, na vipimo vikaanza kukaziwa.

Mwongozo wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ni sentimita 56 kwa 45 kwa 25, magurudumu na mikono vikiwemo, ila kila shirika lina vipimo vyake. Uzito unaoruhusiwa mara nyingi huwa kilo 7 hadi 10. Tatizo ni kwamba begi linaloingia vizuri kwenye Boeing huweza kukataa kuingia kwenye kabati la ndege ya ATR ya mapangaboi, ambalo ni dogo zaidi. Ndege ndogo zinazotua viwanja vya Serengeti ni kali zaidi: kwa kawaida kilo 15 za mizigo yote, tena katika begi laini linalokunjika. Hapo sanduku gumu la magurudumu ni hasara.

Mtu wa Musoma anayepandia ndege Mwanza huanza na basi, zaidi ya kilomita 200 kupitia Bunda. Begi la shangazi kaja litabanwa kwenye buti na kutoka zima, lakini halina umbo, na likijaa hupita kipimo cha ndege. Ningechagua begi laini la kitambaa kizito, lenye zipu imara na mkanda wa begani, na ningelichagua kwa kipimo cha ndege ndogo kuliko zote katika safari. Kabla ya kulinunua, azima futikamba kwa fundi cherehani wa sokoni, ulipime likiwa limejaa, kuanzia chini, pamoja na magurudumu kama yapo, hadi juu ya mkono.