Marufuku ya Pembe: Bardera na Swali la Mageuzi ya Dini

Katika idara zetu za fasihi, karne ya 16 na ya 17 za Ulaya hufundishwa kama utangulizi wa Shakespeare na Milton. Mwanafunzi huelezwa kwamba mwaka 1517 Martin Luther alipinga uuzaji wa vyeti vya msamaha, kwamba matbaa zilieneza hoja zake, na kwamba kutokana na msukosuko huo ilizuka nidhamu mpya ya kazi iliyoupa ubepari roho yake. Dai hili la mwisho ni la Max Weber (1904-1905), R. H. Tawney alilichunguza upya mwaka 1926. Makala haya hayanuii kuurudia mjadala huo. Yananuia kuuliza iwapo mhakiki aliyeketi Garissa hana budi kwenda Geneva ili aone dini, uchumi na sanaa vikigeuzana sura. Iftin, jina la mtaa mmojawapo wa mji huo, ni neno la Kisomali lenye maana ya mwangaza; na mwangaza, kama ijulikanavyo, ndiyo sifa ambayo Wazungu wa karne ya 18 walijivisha wenyewe.

Kisa chenyewe kiko ng'ambo ya nyika, kwenye mto Juba, ambao hadi Jubaland ilipokabidhiwa Italia mwaka 1925 ndio uliokuwa mpaka wa mashariki wa Kenya ya kikoloni. Mwaka 1819 Sheikh Ibrahim Hassan Yabarow alianzisha huko Bardera, makazi ya jamaa, yaani jumuiya ya wanadini waliolima na kusoma pamoja nje ya himaya ya koo zao. Kufikia miaka ya 1830 jamaa hiyo haikuridhika tena na uchaji wa faraghani. Ilipiga marufuku tumbaku, ikakataza ngoma, ikawaamuru wanawake wajisitiri, na ikaharamisha biashara ya pembe za ndovu kwa hoja kwamba ndovu ni najisi. Mwaka 1840 wafuasi wake waliufikia mji wa Barawa, wenye lahaja yake ya Kiswahili, Chimiini, wakaulazimisha ukubali masharti yao. Miaka 3 baadaye Sultani Yusuf Muhammad wa Geledi alikusanya jeshi kubwa akaiteketeza Bardera.

Kwa nini pembe? Ni rahisi kujibu kwamba dini hapa ilikuwa vazi tu la maslahi. Pembe zilishuka kwa misafara kutoka Luuq hadi bandari za Benadir, na aliyeitawala njia aliitawala faida. Lee Cassanelli, katika kitabu chake cha mwaka 1982, ameufafanua vyema mfungamano huo. Hata hivyo, jibu hili halitoshi. Anayetaka kunyakua biashara hana haja ya kuitangaza kuwa haramu, na marufuku ya ngoma haimpatii mtu hata pembe moja. Ngomani ndipo vijana wa koo mbalimbali walipokutana, wakajibizana kwa mashairi na kuchaguana. Kuifunga ngoma kulikuwa kuufunga uwanja wa hadhara ambao haukuwa chini ya mashekhe. Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani na washirika wao, lilizifunga kumbi za michezo ya kuigiza za London mwaka 1642, na sababu zake hazikuwa mbali na hizi.

Pana kinaya hapa ambacho Weber hakukijua. Miaka hiyo hiyo ya 1830, miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa pembe katika soko la Unguja walikuwa mabaharia wa Salem, Massachusetts, mji ulioasisiwa mwaka 1626 na kukuzwa na Wapuritani. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Wajukuu wa ucha-Mungu mmoja walizitafuta pembe ambazo ucha-Mungu mwingine ulizitia unajisi. Ukali wa dini, basi, haumzalishi mfanyabiashara kwa lazima. Huko ulimlea, huku ulimfungia njia.

Sanaa nayo haikufungika. Kizazi kilichofuata, wimbo ulirejea kwa mlango wa dini yenyewe. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa (1847-1909), kiongozi wa tarika ya Kadiria, alitunga kasida kwa Kiarabu na kwa Kisomali, na dhikri yake ikaenea hadi Unguja. Mjini mwake Dada Masiti alitunga mashairi ya dini kwa Chimiini. Kazi iliyofanywa na matbaa kule Ujerumani hapa ilifanywa na koo za binadamu, na wafugaji wasiojua kusoma waliibeba itikadi hiyo pamoja na mifugo yao.

Mgogoro uliofuata ungemkumbusha msomaji wa Luther jambo alijualo: je, yafaa kumwomba Mungu kwa kupitia mawalii waliokwisha kufa? Kadiria walisema ndiyo. Salihia walisema hapana. Pande zote mbili zilijibizana kwa mashairi, hadi mwaka 1909, pale Biyoley, Sheikh Uways alipouawa na wafuasi wa Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, naye mshairi.