Kifuniko cha Prosesa: Kilivyokuja na Kwa Nini Watu Wanakibandua

Haya, leo tuzungumzie joto. Ukitoa feni ya kompyuta ya mezani utakuta prosesa imevikwa kifuniko cha shaba kilichopakwa nikeli. Wengi hudhani hicho ndicho prosesa. Sivyo! Silikoni inayofanya kazi imelala chini yake, ndogo kama ukucha, na karibu joto lake lote hupitia hapo kabla ya kufika kwenye feni au maji.

Waliozoea kufungua mashine za mtumba watakumbuka Pentium III za Coppermine na Athlon za Thunderbird za mwaka 2000. Hizo zilikuja uchi. Ukilibana bomba la joto vibaya kidogo, kona ya silikoni inamegeka, na pesa zako zimekwenda. Pentium 4 ilitoka mwishoni mwa mwaka huohuo ikiwa na kifuniko, Athlon 64 ikafuata mwaka 2003. Kwa hiyo kifuniko kilikuwa kinga dhidi ya mikono yetu, na gharama yake tunailipa kwa joto.

Wenye mashine kubwa walikuwa wameshapita njia hii. Katika IBM 3081 ya mwaka 1980, kila chipu iliguswa mgongoni na pistoni yenye springi, nafasi zikajazwa heliamu, na maji baridi yakapita juu. Mwaka 1981 Tuckerman na Pease wa Stanford wakaenda mbali zaidi: walichonga mifereji myembamba kwenye silikoni yenyewe, wakapitisha maji, wakaondoa wati 790 kwa kila sentimita mraba kwa ongezeko la nyuzi 71 tu. Namba hiyo bado inanishangaza.

Kwetu sisi wa kompyuta za nyumbani mambo yalichacha mwaka 2012. Intel, katika Ivy Bridge, iliacha lehemu chini ya kifuniko ikaweka pesti. Watu wakachukua wembe, wengine jiliwa na nyundo (ndiyo, nyundo), wakabandua. Lehemu ilirudi kwenye Core i9-9900K mwaka 2018, lakini mchezo haukuisha. Ryzen 7000 za mwaka 2022 zilipewa kifuniko kinene ili vipoozi vya zamani viendelee kuzitoshea. Mjerumani der8auer alipokiondoa, joto lilishuka karibu nyuzi 20.

Sasa, mwenye kasha dogo anapata nini? Madabodi ya Mini-ITX, iliyoletwa na VIA mwaka 2001, ina sentimita 17 kwa 17, na kasha lake mara nyingi lina nafasi ya rejeta moja ndogo. Kubandua kifuniko hakupunguzi wati hata moja. Rejeta bado ina mzigo uleule. Lakini rejeta hutoa joto kulingana na tofauti kati ya maji na hewa: tofauti ikiwa mara mbili, rejeta ya takriban nusu ya ukubwa inatosha. Ukiokoa nyuzi 10 kati ya silikoni na maji, unaweza kuyaacha maji yawe moto zaidi kwa nyuzi 10 na silikoni isijue. Kwenye kasha kubwa hiyo ni anasa tu. Kwenye dogo ndiyo tofauti kati ya feni inayonong'ona na inayopiga kelele kama posho mill.

Kwa prosesa za Intel utahitaji pia fremu maalum, kwani kishikio cha soketi hukandamiza kifuniko, na kifuniko hakipo tena. Kaza skurubu kidogo kidogo, kwa kukingamisha. Silikoni ya leo humegeka kona vilevile kama ile ya Thunderbird.